Eti sinki linatoka jasho

Niseme mapema: westi yenyewe, ile ya kutolea maji ya sinki, sina ugomvi nayo. Au ninao, lakini mdogo. Hasira zangu ni za fundi aliyekuja kuifunga.

Majuzi hivi kanifungia sinki jipya la bafuni. Akafungulia maji kidogo tu, akafunga koki, akakusanya spana zake. Asubuhi yake nafungua kabati la chini, tishu zote zimegeuka uji. Nikampigia, akaja (hilo nashukuru). Hakuinama hata vizuri. Akapitisha kidole kwenye bomba, akakipangusa kwenye suruali, akaniambia: "Hilo ni jasho tu, mama. Bomba jipya lazima litoe jasho."

Jasho! Najua bomba la maji baridi hulowa nje hewa ikiwa na unyevu. Lakini jasho gani lina povu? Nimeligusa linateleza, nimelinusa, sabuni yangu ya kunawia. Nikamwambia. Akacheka, akasema niweke ndoo siku mbili tatu, litaziba lenyewe. Tangu hapo simu hapokei.

Ndoo nimeweka, sikatai. Usiku tone linalia, ti, ti, ti, na mimi macho makavu nawaza jasho. Mwisho nikaamka. Nikaziba sinki, nikalijaza, nikafuta kila kitu huko chini mpaka kikakauka, kisha nikazungushia tishu sehemu mbili: moja chini ya ile nati kubwa ya westi, nyingine kwenye maungio ya trapu, lile bomba lililopinda chini ya westi. Baada ya dakika chache ya juu ikaanza kulowa. Ya trapu kavu. Na hapo kizibo kimefungwa, maji hayateremki bombani, kwa hiyo yalikuwa yanajipenyeza chini ya mdomo wa westi, ule ukingo unaokaa juu kwenye tundu la sinki, na kufuata nyuzi za kukazia nati hadi nje.

Nikafungua nati. Nilitukana peke yangu humo bafuni. Ule mpira mnene, wenye upande mmoja mwembamba unaotakiwa kuelekea juu ili ujikaze kwenye tundu la sinki, kaupindua. Chini ya mdomo wa westi hakuna silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, hakuna chochote, kauri tupu.

Sasa hapa ndipo westi nayo inapoingia lawamani. Mchoro wa kwenye boksi unaonyesha huo mpira kama duara tu. Juu wapi, chini wapi, utajua mwenyewe. Mshale mmoja ungewagharimu nini? Kwa hiyo lile neno la kwamba sina ugomvi nayo, nalirudisha.

Na mimi pia nina yangu. Mara ya kwanza nilipoirudishia nilikaza nati kwa hasira za fundi, nikakaza, nikakaza, mpaka mpira ukachomoza pembeni kama ulimi. Ikavuja kuliko mwanzo. Bahati sinki halikupasuka. Mara ya pili nikausafisha ule mdomo, nikapaka silikoni, mpira upande sahihi, nikakaza nati kwa mkono hadi ikagoma, halafu spana kidogo tu, robo mzunguko. Nikaiacha siku nzima bila tone la maji, watu nyumbani wananawia jikoni na kunung'unika.

Ni wiki kadhaa sasa, pakavu. Mpira ni ule ule wa kwenye boksi, kwa hiyo bidhaa si mbovu, ningeinunua tena. Na fundi nimpe haki yake: trapu aliifunga vizuri, haijawahi kuvuja. Angesema tu "nimekosea, nifungue tena", leo ningekuwa nawapa namba yake.

Juzi kapiga simu mwenyewe, anaulizia hela yake iliyobaki. Nikamwambia asubiri siku mbili tatu, na ndoo aweke.