Kingamwili D20B12 ya Rb: yenyewe ni imara, sampuli ndiyo inayoiangusha

Kwa anayefuatilia seli zinazotoka awamu ya G1 (ya kukua kabla ya kunakili DNA) kuingia S (ya kunakili DNA), kingamwili ya sungura D20B12 ya Cell Signaling Technology (namba 8516) ndiyo ya kuanza nayo. Huishika protini ya Rb (breki ya mgawanyiko wa seli, ambayo hulegezwa kwa kuwekewa fosfeti) ikiwa tu imewekewa fosfeti kwenye asidi amino ya serini ya 807, ya 811 au zote mbili, na mstari wake kwenye westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa na kuzihamishia kwenye utando) hukaa karibu na kilodaltoni 110. Lakini haitenganishi serini hizo mbili. Kama swali lako ni ipi kati yake imeguswa, hii haitakujibu.

Izimue 1:1000 katika TBST (bafa ya chumvi yenye sabuni ya Tween) yenye BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5, uiache na utando usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kuziba nafasi tupu za utando kwa maziwa ya unga kwa saa moja hakuna shida ukiusuuza vizuri. Kuizimua kingamwili yenyewe kwenye maziwa ndiko kubaya: kasini, protini ya maziwa, imejaa fosfeti.

Lawama nyingi zinazotupiwa kingamwili hii huzaliwa kwenye sahani ya seli. Ukishazipasua, fosfatesi, vimeng'enya vya seli zenyewe, huanza kung'oa fosfeti papo hapo. Njia ya uhakika ni kumwaga kimiminika cha kulishia seli, kusuuza mara moja kwa bafa ya baridi, kisha kumimina bafa ya moto ya SDS (sabuni kali inayokunjua protini) juu ya seli, kukwangua na kuchemsha dakika 5 kwa nyuzi 95. DNA itaufanya mchanganyiko uvutike kama kamasi. Upitishe kwenye sindano nyembamba mpaka ulainike. Anayelazimika kutumia RIPA (bafa ya kupasulia seli iliyo laini kuliko hiyo) aweke vizuizi vya fosfatesi, yaani floridi ya sodiamu na beta-gliserofosfeti, milimola 10 kila moja. Othovanadeti, ambayo wengi huitegemea peke yake, huzuia hasa fosfatesi za tairosini. Ni ya lazima ukipima fosfeti ya Cdk1 (kimeng'enya kinachoendesha mgawanyiko wa seli) kwenye tairosini ya 15, ila kwa serini za Rb haikulindi.

Sampuli za kulinganishia zichaguliwe kwa makini. Seli za HeLa, za saratani ya mlango wa kizazi, ni chaguo baya hapa, kwa sababu protini ya E7 ya kirusi cha HPV huivunja Rb. Tumia MCF-7, seli za saratani ya matiti, nusu yake ikipewa palbociclib (dawa inayozuia vimeng'enya vinavyoiwekea Rb fosfeti) mikromola 1 kwa saa 24: mstari unapaswa kufifia sana. Jumla ya Rb nayo mara nyingi hushuka kwa dawa hiyo, kwa hiyo uwiano usiohesabu Rb yote hauna maana. Kingamwili ya panya 4H1, inayoshika Rb yote, inafaa kwa kazi hiyo, maana sungura na panya husomeka kwa rangi mbili kwenye utando mmoja bila kuuvua kingamwili ya kwanza. Ongeza MDA-MB-468, seli nyingine za saratani ya matiti, zisizo na Rb. Mstari wowote utakaouona hapo kwenye 110 ni uchafu.

Ukipima pia fosfeti ya histoni H3 (protini inayozungukwa na DNA) kwenye serini ya 10 ili kuhesabu seli zilizo katika mitosi (hatua ya kugawanyika), angalia mambo mawili. Seli hizo huviringika na kung'oka kirahisi, hivyo ukimwaga maji ya kusuuzia umezimwaga nazo. Yazungushe kwenye sentrifuji uziokoe. Na RIPA huiacha kromatini (DNA pamoja na protini zake) kwenye mashapo, ilipo histoni yenyewe.

Chupa huja na gliseroli asilimia 50, hivyo haigandi kwenye friza ya nyuzi -20. Usiigawe kwenye vichupa vidogo.