Rubondo: uzoefu wangu wa kulala kwenye kisiwa cha sokwe

Sisi wa Mwanza wengi tunakijua kisiwa cha hifadhi cha Saanane, maana iko pale pale mjini, ukipanda boti hata hujakaa vizuri umeshafika. Rubondo tunaisikia tu. Rafiki zangu wakitaka malazi ya kando ya ziwa karibu na msitu wa wanyama wa jamii ya sokwe, mawazo yao yanakimbilia Bwindi kule Uganda au Rwanda kwa gorila wa milimani. Kweli, gorila hao kwetu hawapo. Wanaishi Uganda, Rwanda na Kongo tu. Lakini ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, kuna kisiwa kizima ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na ndani yake kuna sokwe. Nimelala huko na ninawasihi ndugu zangu wa kanda hii mwende, ila mjue mnakwenda kupata nini.

Safari ya barabarani siku hizi haisumbui. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile foleni za kusubiri kivuko zimekwisha. Kilomita 3 za juu ya maji unazimaliza huku unaongea na simu. Tulipita Sengerema, Geita na Katoro, tukaingia Chato hadi Muganza, na kwenye bandari ndogo ya Kasenda tukapanda boti. Majini ni kama nusu saa ziwa likiwa limetulia. Ondokeni asubuhi, kwa sababu mchana upepo ukianza mawimbi yanakuwa makubwa, na jaketi la kujiokolea livaliwe tangu mwanzo, lisikaliwe kama mto.

Kinachokula pesa ni boti. Mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, wala hakitishi. Boti inakodiwa nzima, muwe wawili au muwe wanane, kwa hiyo mkiwa wachache mtaona Rubondo ni ghali, mkiwa kundi mtashangaa kwa nini hamkuja zamani.

Tulilala kwenye banda linalotazama ziwa. Ni la kawaida kabisa: vitanda vizuri, vyandarua, taa. Duka hakuna, hivyo unga, mafuta, nyanya na vitunguu tulibeba kutoka Katoro, na samaki tukanunua kabla ya kuvuka. Sato wa kuchoma na ugali mbele ya ziwa, wala sikutamani hoteli. Kuoga ziwani sahau, mamba wapo wa kutosha. Usiku viboko wanatoka majini kuja kula majani karibu kabisa na mabanda. Askari wa hifadhi alituambia tangu tunafika: “Dada zangu, giza likiingia asitoke mtu bila kutuita.” Tukatii. Ukiwa kitandani unawasikia wanavyong'oa nyasi na kupumua, na mimi nilikaa macho kwa raha ya kuwasikiliza.

Sasa sokwe. Asili yao siyo Rubondo. Kati ya 1966 na 1969, shirika la wanyama la Frankfurt lililoongozwa na Bernhard Grzimek lilileta sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika Magharibi, wakaishi miaka vizimbani na kulishwa na watu. Wakaachiwa kisiwani wajitafutie. Na wakajifunza! Wakajua matunda yapi yanalika, wakajenga viota juu ya miti, wakazaa. Twiga, tembo na mbega nao waliletwa na binadamu, na wanyama kadhaa walipitia Saanane yetu hii kabla ya kupelekwa kisiwani. Wenyeji hasa ni wengine, kama nzohe, yule swala wa kwenye matete ambaye ni nadra kumwona kwingine, na pongo.

Tuliingia msituni asubuhi na mwongozaji. Msitu wenyewe ni mnene, miti mirefu imefungwa na mitambaazi, jua linapenya kwa shida. Alituonyesha viota vya usiku uliopita, majani yakiwa bado mabichi, na maganda ya matunda yaliyotafunwa na kutemwa. Halafu tukasikia kelele zao, moja ikaanza, nyingine zikajibu mpaka bonde zima likawa linapiga yowe. Mwili ulinisisimka. Tukafuata, wakahama. Tukafuata tena, wakahama. Hatukuwaona.

Wenzangu wawili walisononeka, na ninawaelewa. Mimi nilifurahi kwa dhati. Wazee wa sokwe hawa waliishi kwa kunyoosha mkono nje ya nondo wapewe ndizi, na vizazi vyao leo havitaki hata harufu yetu. Kama kuna kipimo kingine cha kazi ya uhifadhi kufaulu, mimi sikijui. Kwa hiyo anayetaka kuhakikishiwa picha ya sokwe kwa karibu asitumie nauli yake huku. Na mwenye mafua asiingie msituni kabisa, maana magonjwa yetu ya kifua yanawaua wanyama hawa.

Jambo la kujiandaa nalo ni ndorobo, yaani mbung'o. Wanauma juu ya nguo. Acheni nyumbani nguo nyeusi na za bluu, rangi hizo zinawaita. Vaeni kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu.

Nitarudi, safari ijayo na watoto, na tutakwenda mwezi wa kiangazi ili njia za msituni ziwe kavu. Kuhusu boti, pataneni bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapakia mizigo, mlipe nusu, na nusu nyingine mumpe nahodha mkishakanyaga tena Kasenda.