CD ya "Believe" ya Cher: sikiliza hapa sauti inapokatika

Assalamu alaykum wapenzi watazamaji, wa Unguja, wa Pemba na nyie mlio mbali na nyumbani. Leo sizunguki. Hii hapa, itazameni. CD ya singo ya Cher, mwimbaji wa Marekani, "Believe", iliyotoka Oktoba 1998. Nimeipata Darajani kwa mzee mmoja anayeuza kaseti za zamani. Nimeitafuta tangu Ramadhani, na wallahi jana usiku nimekesha nayo.

Jalada mnaliona, sina la kuongeza. Remiksi pia sizigusi leo. Nina kitu kimoja tu. Subirini nipandishe sauti.

Huu ubeti wa kwanza. Ngoma inakwenda mbio, Cher anaimba kwa utulivu, na sasa... hapo! Mmesikia? Narudisha. Hapo! Sauti imekatika kama maji ya mfereji yakitoka na hewa. Narudisha mara ya tatu, vaeni spika za masikio kama mnazo, maana spika ya simu inaficha utamu. Hapo!

Mie nilikuwa darasa la nne nilipoisikia mara ya kwanza, kwenye redio ya saluni ya mama mdogo, Mlandege. Nikadhani kaseti imekwama. Nikaenda kuifungua redio nitazame utepe! Mama mdogo akaniambia, mwanangu, iwache, ndivyo inavyoimba.

Sasa nieleze inafanyaje kazi, maana kwenye maoni mnaniuliza kila siku. Programu inaitwa Auto-Tune, ilitoka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi wa mambo ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kuchambua mawimbi ya sauti yanayopelekwa chini ya ardhi ili kujua mafuta yako wapi. Hesabu zile zile akazigeuzia koo la mwimbaji. Mtu akipanda kidogo au akishuka kidogo, mashine inamvuta mpaka kwenye noti sahihi, polepole, hata usijue.

Hapo kwenye "polepole" ndipo penye siri. Sauti ya mtu ikitoka noti hii kwenda ile huteleza, kama chombo kinavyoshuliwa pwani. Programu ina kipimo cha kuamua irekebishe kwa haraka gani. Watayarishaji wa wimbo huu, Mark Taylor na Brian Rawling, studio yao London, wakakiteremsha mpaka sifuri. Hakuna kuteleza tena. Sauti inaruka noti hadi noti kama mtu anayepanda ngazi. Kifaa kilichotengenezwa kuficha makosa, wao wakakiweka mbele ya watu wakisikie wote. Mie hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Kuna kijana wa chaneli nyingine, simtaji, alisema wiki iliyopita kwamba ile ni vokoda, yaani kifaa kinachochanganya sauti ya mtu na ya kinanda. Watazamaji wengi mmenitumia video yake. Msimshambulie jamani. Watayarishaji wenyewe mwaka 1999 walilieleza jarida moja la Uingereza kwamba ni vokoda! Walikuwa wanaificha siri yao, wenzao wasiichukue. Kijana kasoma, ila kasoma maelezo ya mwanzo.

Na sauti ile ya kukatika ilikuwa karibu ifutwe kwenye wimbo. Mkubwa wa kampuni ya rekodi, Rob Dickins, hakuipenda sehemu ile, alitaka ibadilishwe. Cher akagoma, akasema labda wapite juu ya maiti yake. Mwanamke wa miaka 52 huyo, ambaye mara ya mwisho kushika namba moja Marekani ilikuwa 1974! Wimbo ukatoka na mkato wake. Uingereza ukakaa namba moja wiki 7, ukawa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka ule, na mpaka leo hakuna singo ya mwimbaji mwanamke iliyouzwa zaidi kule. Marekani ukafika juu Machi 1999, ukakaa wiki 4. Mwaka 2000 ukapata Grammy ya rekodi bora ya kucheza.

Kabla sijasahau: kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi badala ya Ijumaa. Wengi mmeniambia Ijumaa mchana hamna nafasi, na mna haki.

Haya, turudi. Jana jioni nilikwenda kwa mjomba wangu, yeye anapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab. Nikamwomba, mjomba, nipigie Bayati kidogo, ile maqamu, yaani mpangilio wa noti za Kiarabu, na mie niimbe juu yake. Nikarekodi. Sikilizeni kwanza ilivyo. Noti ya pili pale, isikilizeni inakaa wapi. Kwenye kinanda hamuipati, imekaa baina ya vibao viwili, na mjomba kuipata hunyanyua vile vichuma vidogo vilivyo ubavuni mwa kanuni. Sasa natia Auto-Tune, kipimo sifuri, skeli, yaani mpangilio wa noti, ya kinanda kama inavyokuja. Sikilizeni. Imekwenda! Noti imesukumwa juu, Bayati haipo tena. Mjomba alinitazama tu, akasema, "Umeing'oa jino." Mwanzo wa video nilikuwa nataka kuwaambia kila studio ya Zanzibar iwe nayo. Baada ya jana, nasema kwa taarab, hapana, mpaka fundi ajue kuipangia skeli yake kwa mkono, na inawezekana, nimejaribu, inachukua muda. Bi Kidude aliyetutoka Aprili 2013, ile mikwaruzo ya sauti yake, nani angethubutu kuinyoosha?

Na hili linaniuma, lazima niliseme. Vijana wetu wa zenji flava, nawapenda, nyimbo zenu nazicheza hapa. Lakini yakhe, mashine kutoka mwanzo mpaka mwisho? Sikilizeni alivyofanya Cher. Narudisha CD. Mkato upo kwenye beti. Sasa kinakuja kiitikio... sikilizeni kifua hicho! Kaifungua sauti yake yote. Ndiyo maana mkato unasisimua, kwa sababu mnajua huyu anaweza kuimba. Ukiutia kila neno, masikio yanazoea, unabaki na dawa isiyo na mgonjwa. Nimesikia wimbo mmoja mwezi huu, sauti ya dada yule nzuri mno, naijua, nimemsikia akiimba bila mashine Forodhani. Kwenye rekodi sikumtambua. Nilikasirika kweli.

Bei. Mzee wa Darajani alitaka elfu ishirini, tukamalizana kwa elfu kumi na mbili. Kusikiliza tu, mtandaoni mnaipata. Lakini kama unarekodi, unapiga kinanda au una studio chumbani kwako, itafute CD, iweke kwenye spika kubwa, usikilize dakika ya kwanza mara ishirini. Mie nimefanya hivyo na bado napata kipya.

Sasa namwachia mjomba. Bayati, kanuni peke yake, dakika mbili, sikati hata sekunde moja. Mjomba, karibu.