Haidroksiurea: miezi 14 ya kapsuli za mwanangu

Mzazi mwenzangu wa Pemba au Unguja, kama una mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na daktari ameshakuandikia haidroksiurea, soma kabla hujaiweka karatasi kabatini. Yangu ilikaa chini ya mto wiki 3. Jirani aliniambia hiyo ni dawa ya saratani, nikaingiwa na khofu. Ni kweli, kwa wagonjwa wa saratani inatumika. Lakini Marekani waliiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu tangu mwaka 1998, na baadaye ikaja kujaribiwa kwa watoto wa Kiafrika 606 katika nchi za Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Hao watoto 606 ndio walionipa moyo.

Mwanangu ana miaka 9, tuko Wete. Mwaka wa kabla ya dawa alishikwa na maumivu makali mara 7, na mara 3 katika hizo tulilazwa. Hakuwa mtoto wa kupiga kelele. Akikaa kwenye mkeka kaukumbatia mguu wa kushoto, shuka likimgusa ugoko anashituka, basi ananyamaza kimya, na mimi nasikiliza jogoo ili kuche nipate gari. Kipupwe ndicho kilichomtesa zaidi. Sisi tunaanika karafuu, upepo wa kusi unavuma, yeye yuko ndani na masweta mawili.

Nilipoelezwa kliniki kinachotokea ndani ya mishipa, nilifahamu kwa nini dawa za maumivu peke yake hazikututoa. Chembe nyekundu ya damu ikishaitoa hewa yake ya oksijeni inajipinda kama mundu, na ugonjwa ukapata jina hapo. Zilizopinda zinanasa kwenye mishipa midogo, chembe nyeupe nazo zinaganda ukutani, damu haipiti, na mwili unajibu kwa uvimbe na joto kama vile umejeruhiwa. Ibuprofeni na diklofenaki zinautuliza uvimbe, lakini zinakuja mambo yameshaharibika. Tena hizi dawa za uvimbe zina hatari kwenye figo, na figo za mtoto wa selimundu tayari zina kazi kubwa, hasa akiwa hajanywa maji. Kuna duka la dawa ambalo kwa muda mrefu mwanangu alidungwa diklofenaki kila nilipompeleka analia mguu, na hakuna aliyeniuliza kama amekojoa, wala kama ana homa. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Haidroksiurea inafanya kazi mapema zaidi. Ndani ya chembe nyekundu kuna himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyengine, ya utotoni, ambayo haijipindi. Baada ya kuzaliwa mwili unaizima kidogo kidogo. Ndiyo maana mwanangu alikuwa mzima kabisa mpaka miezi 7, kisha viganja na nyayo vikamvimba kama maandazi, na sisi tukadhani kaumwa na mdudu. Dawa hii inaiamsha tena ile himoglobini ya utotoni, na inapunguza zile chembe nyeupe zinazochochea uvimbe. Lakini inataka subira: miezi 3 ya mwanzo sikuona tofauti yoyote, na mwezi wa pili alishikwa vibaya, nikakaribia kuiacha.

Sasa hesabu. Katika miezi 14 ameshikwa mara 2, na kulazwa mara moja tu. Himoglobini yake ilikuwa 6.4, mara ya mwisho tumepima ni 8.6. Macho yamepungua umanjano. Anakwenda chuoni kusoma Kurani jioni na anarudi kwa miguu yake.

Kilichotutia wasiwasi ni kucha. Mwezi wa tano niliona mistari myeusi kwenye kucha za vidole gumba, imeshuka wima kama iliyochorwa kwa kalamu. Bibi yake alizishika moja moja karibu na taa, akanyamaza, nikajua anawaza jicho la watu. Daktari akatwambia ni dawa, inajulikana, haina madhara. Bibi alikubali, ila kisomo alimsomea vilevile, na mimi sikumzuia.

Jambo ambalo sitaki mtu alipuuze ni kupima damu. Dawa hii inaweza kuzishusha chembe nyeupe kupita kiasi, kwa hiyo mwanzoni tulipima picha nzima ya damu kila mwezi, na sasa kila miezi 3. Kiasi cha dawa kinaangaliwa pamoja na uzito wa mtoto. Wetu anakula kapsuli moja ya miligramu 500 kwa siku, wako anaweza kupewa nyengine. Usiipasue ukamwagia unga kwenye uji. Wifi yangu alikuwa na mimba, nikakatazwa asiishike kabisa, na mimi nanawa mikono kila nikimpa.

Upatikanaji ndio ulionichosha. Mara mbili nilizunguka Wete na Chake nisipate hata kapsuli moja, na mara ya pili mtoto alikaa siku 11 bila ya dawa. Dada yangu akainunua Unguja, akaipakia kwenye boti, nikaipokea bandarini Mkoani. Bei nayo haitulii. Mwezi mmoja niliongezewa shilingi 10,000 bila ya maelezo.

Kaka yangu yuko Maskati. Alinirushia sauti usiku: dada, ugonjwa wa mwanao umepata dawa ya jeni. Nikakaa nikasoma. Inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Disemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Wanatoa mbegu za damu za mgonjwa mwenyewe, yaani chembe mama zinazozaa damu, wanakata sehemu ndogo ya jeni iitwayo BCL11A, kisha mgonjwa anapewa dawa kali ya kuufuta uloto wake wa ndani ya mifupa, unakotengenezwa damu, kabla ya kurudishiwa zile zilizotengenezwa. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walimaliza miezi 12 mfululizo bila ya kushikwa vikali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Ile dawa kali inaweza kumuathiri mtu uzazi, na wiki za hospitalini ni nyingi.

Kilichonisimamisha ni ile BCL11A. Kazi yake ni kuizima himoglobini ya utotoni. Kwa hiyo wale wataalamu na makasi yao ya jeni wanaitafuta himoglobini ileile ambayo kapsuli yangu ya Wete inaiamsha kila usiku. Nilimjibu kaka kwamba naiombea dua ifike kwetu, mwanangu bado ana miaka 3 kabla ya kufika huo umri, na kwa sasa pesa aliyotaka kunitumia ya tiketi anitumie ya dawa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile siku 11. Sasa nikibakisha kapsuli 20 ndani ya kichupa natafuta nyengine, na dada ana nakala ya karatasi ya daktari huko Unguja.