TAHADHARI: Ukiambiwa "lipa hata pauni 5 tu", usilipe kwanza

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kama una deni la zamani la kadi ya mkopo na unapigiwa simu na kampuni usiyoijua, soma hapa kabla hujatoa hata peni moja.

Benki iliuza deni langu. Hilo ni halali. Walionunua wakanipigia nikiwa kwenye basi. Dada aliyepiga alikuwa mpole kupita kiasi: "Hatukulazimishi, lipa hata pauni 5 leo tuone nia yako." Kilichoniokoa si ujanja, ni pochi niliyoisahau nyumbani.

Jioni ndiyo nikaelewa mchezo. Kwa England na Wales, sheria ya ukomo ya 1980 inampa mdai miaka 6 ya kufungua kesi ya deni kama hili. Ukilipa chochote kabla haijatimia, au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Mimi nilibakiza miezi tu! (Ikishatimia, malipo hayaifufui. Scotland wana sheria yao, miaka 5.)

Baadaye wakanishtaki hivyo hivyo, wakijua watu wengi bahasha ya mahakama huitupa droo. Usithubutu. Hati huhesabiwa imekufikia siku ya 5 baada ya tarehe ya kutolewa, na kuanzia hapo una siku 14 za kujibu. Ukijibu tu kwamba umeipokea na utajitetea, unapata jumla ya siku 28 za kuleta utetezi, zikihesabiwa tangu siku hiyo hiyo hati ilipokufikia. Ukinyamaza, wanaomba hukumu bila wewe kusikilizwa, nayo inakaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo, labda ulipe yote ndani ya mwezi.

Na mahakama haikuhesabii miaka. Kama deni limepitwa na wakati, ni wewe uliandike hilo kwenye utetezi.

Hapo nilitaka kuteleza, maana nilihesabu tangu malipo yangu ya mwisho. Kumbe Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2019 kwamba kwa mikopo ya aina hii miaka huanza pale muda uliotolewa kwenye notisi ya kushindwa kulipa (barua ya mkopeshaji inayokupa muda wa kulipa ulichochelewesha) unapokwisha. Nilipekua makaratasi mpaka nikaipata notisi. Bado walikuwa wamechelewa, ila kwa miezi miwili tu.

Niliwaandikia pia, nikaambatanisha pauni 1, kuomba nakala ya mkataba chini ya kifungu cha 78 cha sheria ya mikopo ya 1974. Barua ieleze kwamba pauni hiyo ni ada ya nakala, si malipo ya deni. Wasipoileta ndani ya siku 12 za kazi, hawawezi kupewa hukumu mpaka wailete. Hawakuileta.

Wiki chache baada ya utetezi ikaja barua ya mistari miwili: wamesitisha madai. Namba ile bado inapiga, sasa inamtafuta mpangaji aliyenitangulia.