Tiba ya mazungumzo ya muda mrefu Kampala: uzoefu wangu tangu nina miaka 17

Kama unatafuta mtu wa kukuambia la kufanya, tunza hela yako. Mashangazi wapo, mashehe na wachungaji wapo, na hakuna anayekutoza kwa dakika. Tiba ya mazungumzo ya muda mrefu ni kitu kingine kabisa: unakaa na mtaalamu mmoja kila wiki, zaidi ya mwaka, na wewe ndiye unayeongea. Nimeona vijana wanaingia wakidhani ni nasaha za kawaida, mwezi haujaisha wameshatoka wanasema wameibiwa. Mimi nilianza 2022, mwaka ule shule za Uganda zilipofunguliwa Januari baada ya corona kuzifunga karibu miaka miwili, na mpaka sasa naenda, ingawa mwisho tumeshaupanga. Nitasema nilichopata, kilichonikera, na bei.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba ni mwanajeshi, kwa hiyo nyumbani lugha ni Kiswahili, na kwa bibi mzaa mama, Bombo, ni Kinubi. Shule nilianzia Gulu, nikahamia Mbarara, kisha Bombo, na baadaye bweni. Waliokulia kambini wanajua mambo yanavyokwenda: amri ya uhamisho inatoka, lori linakuja, mnapakia. Unafika mahali ambapo hakuna mwalimu anayejua kwamba mwaka jana ulikuwa wa kwanza darasani, wala jirani anayejua kwamba unaogopa mbwa. Unajieleza upya. Ukishajieleza mara kadhaa, unaanza kufupisha, na mwisho unabaki na maelezo ya sentensi mbili tu ambayo unampa kila mtu. Haya siyasemi ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyofanya urefu wa tiba hii uwe na maana kwangu, na mtu mwenye historia nyingine huenda asiuhitaji.

Nilipoingia S5 (kidato cha tano), kila Jumapili jioni moyo ulianza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, chakula hakishuki. Usiku macho kwenye dari. Nesi wa shule alinitibu malaria, akanitibu tena malaria, kisha ikawa alsa, yaani vidonda vya tumbo. (Ukiwa mwanafunzi Uganda unaruhusiwa magonjwa mawili tu, malaria na alsa.) Mama akaleta kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, kutoka kwa shehe wetu. Nilikunywa, na mtu asicheke hapa. Mama alikaa kitandani kwangu mpaka nikamaliza kikombe, na siku ile nililala kama mtoto. Jumapili iliyofuata moyo ukarudi palepale.

Mtaalamu wa kwanza niliyepelekwa kwake sitamtaja, wala kituo chake. Alikuwa mpole, anatikisa kichwa, anaandika. Jioni ileile baba akaniita sebuleni akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelisema mahali pamoja tu duniani. Sikurudi. Naliandika hili mapema kwa sababu ukiwa chini ya miaka 18 mlipaji ni mzazi, na mlipaji hujiona ana haki ya kupewa alicholipia. Kabla hujafungua mdomo, uliza mbele ya mzazi wako: nini kitasemwa nje ya chumba hiki, na nini hakitasemwa?

Wa pili tulielekezwa na daktari wa hospitali ambaye aliona vipimo vyote ni safi. Chumba chake kiko Ntinda, ghorofa ya juu ya duka la dawa. Viti viwili, kapeti la kijani, saa ya ukutani imewekwa mahali ambapo wote wawili mnaiona. Ni mtu wa upande wa Tororo, Kiswahili chake kimenyooka, na kwangu hilo lilikuwa nusu ya ushindi. Kampala ukiongea Kiswahili kwenye taksi watu wanadhani wewe ni askari au mgeni. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, mwezi ambao mimi nilikuwa nazunguka nikitafuta mtu wa kunisikiliza kwa lugha ninayolia nayo. Wanaoitoa tiba hii wengi wanatumia Kiingereza au Kiganda. Uliza mapema kwenye simu, usisubiri ufike.

Kikao cha kwanza tuliingia wote, mimi na wazazi. Alitaja masharti. Kila wiki, siku ileile, saa ileile, dakika 50. Ninayosema hayatoki, isipokuwa uhai wangu au wa mtu mwingine uwe hatarini, na hata hapo mimi ndiye nitakayeambiwa kwanza. Baba, kijeshi kama kawaida yake, akaomba ripoti ya kila mwezi. Akajibiwa kwa heshima zote: "Mzee, ripoti yangu itakuwa moja tu. Amekuja, au hajaja." Baba alimtazama kwa muda, halafu akauliza ada.

Sasa tiba yenyewe. Kuna tiba fupi zenye mpango, mazoezi ya kufanya nyumbani, na idadi ya vikao inayojulikana tangu mwanzo. Zinafanya kazi kwa watu wengi, na ukiweza anza na hizo. Hii ndefu, ambayo kwa kawaida huhesabika kuwa ndefu ikishapita mwaka, haina mazoezi wala ajenda. Wewe ndiye unayeanza. Hujaanza? Mnakaa. Wiki za mwanzo nilisikiliza boda za Ntinda zikipiga honi huku nikimchukia taratibu. Nilijaza ukimya kwa adabu: namuuliza habari za nyumbani, nampa pole ya foleni, namuuliza kama amekula. Siku moja akasema, "Naona kila wiki unaanza kwa kunihudumia mimi. Ukiacha, unadhani nini kitatokea?" Nilikasirika mpaka nikakaribia kuondoka. Sikuwa na jibu, na swali lile tulilibeba miezi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa namna inavyofanya kazi. Kinachotokea kati yenu wawili ndicho kinachochunguzwa. Ukichelewa, ukimkasirikia, ukimdanganya, ukitaka akupende, hayo hayaitwi utovu wa nidhamu. Ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu unamfanyia yeye yale unayowafanyia wengine, ila yeye haondoki wala halipizi.

Nitoe mfano mmoja. Miezi ya mwanzo kabisa niliwahi kutaja, kwa kupita tu, kwamba tulipohama Gulu lori lilikuja usiku na kuku wangu akabaki kwa jirani. Sentensi moja, nikaendelea na mengine. Zaidi ya mwaka ukapita. Madam (namwita hivyo mpaka leo) akanitangazia likizo yake ya Desemba wiki kadhaa kabla, kama anavyofanya siku zote, na mimi nikaanza vituko: nakuja nimechelewa, nasema tiba imeshanichosha, afadhali niishie hapo. Akanisikiliza akamaliza. Kisha akasema, "Nadhani unapakia wewe kwanza kabla lori halijaja. Nilikuwa namfikiria yule kuku." Nilicheka. Halafu nikalia vile ambavyo sikuwahi kulia mbele ya mtu, kwa sababu hata mama hamkumbuki yule kuku.

Mshauri wa vikao sita angeweza kuwa na akili kuliko yeye, lakini asingekuwa na kuku. Ninaposema nililipia nini, jibu langu ni hilo: mtu mmoja aliyekuwepo muda wa kutosha kubeba habari zangu zote kwa pamoja, bila mimi kuzianza upya.

Mwaka wa pili ulikuwa wa kuchosha, tusidanganyane. Vikao vingine vilipita kama mkutano wa kijiji usio na ajenda. Naongea kuhusu hosteli, kuhusu rafiki aliyekopa hela Wandegeya akanuna, kuhusu nywele. Natoka najiuliza kama ningekula rolex kumi (chapati ya kuviringishia mayai) badala yake. Maoni yangu, na si ya kitaalamu, ni kwamba kipindi hicho ndicho kilichonijenga. Sikuwa na tatizo la kuonyesha, na bado mtu alikuwa ananingoja saa ileile.

Bei. Tulianza na shilingi 80,000 kwa kikao, maana yake 320,000 kwa mwezi wa wiki nne, na kuna shule ambako hiyo ni ada ya muhula. Nilipoingia chuo nikaomba nianze kuchangia mwenyewe kwa hela ya kusuka nywele hosteli, akashusha hadi 50,000. Hakuna anayetangaza punguzo mlangoni, inabidi uombe. Kinachoniuma mpaka leo ni sheria ya kikao usichohudhuria: unalipa. Mvua ya Kampala unaijua, na Jinja Road ikiamua kusimama hata rais anasubiri. Nimewahi kufika zikiwa zimebaki dakika kumi, nikapewa kumi na nikalipa zote. Anasema saa ile ni yangu hata nisipokuwepo. Nimeelewa hoja, sijaipenda. Pia baadhi ya wiki tulifanya kwa simu, na sishauri kwa anayekaa hosteli: utaongea nini na wenzako watatu wako kitandani?

Na dawa je? Kuna kipindi usingizi ulikata kabisa, akanituma kwa daktari wa akili, nikameza vidonge miezi kadhaa huku naendelea kwenda Ntinda. Wengine wanadhani unachagua kimoja. Mimi vidonge vilinipa usingizi wa kutosha kuweza kuongea.

Lakini hii tiba si ya dharura. Mtu anayetaka kujitoa uhai leo, au anayesikia sauti, au hajalala siku tatu na anatoa hela zake barabarani, haendi kukaa kwenye kimya cha dakika 50 Alhamisi ijayo. Aende Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili hapa Kampala, ambayo ipo tangu 1955, au kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Najua jina Butabika lilivyo. Ukilitaja kwenye taksi abiria wanasogea. Hata hivyo ni huduma ya serikali, haitaki 80,000 yako, na sheria ya afya ya akili ya 2018 imeondoa ile ya zamani ya 1964 iliyokuwa inatutazama sote kama watu wa kufungiwa.

Kwa wasio na hela ndefu, vikundi msivibeze. Uganda ina historia nzuri kwenye hilo kuliko wengi wetu tunavyojua. Utafiti uliochapishwa 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai: watu wazima wenye sonona walikutana kwa vikundi wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, na nafuu ilikuwa kubwa. Mwaka 2007 ukachapishwa mwingine wa vijana wa miaka 14 hadi 17 kwenye kambi za waliokimbia vita kaskazini. Wasichana walipata nafuu iliyo wazi, wavulana haikuonekana vile. Rafiki yangu wa Kireka alipita kwenye kikundi cha namna hiyo bila kulipa kitu, na usingizi wake ulirudi kabla ya wangu. Hilo liliniuma kidogo, nikalipeleka Ntinda, likala vikao viwili.

Nimebadilika nini? Moyo wa Jumapili haujafa. Unakuja mara mojamoja, unakaa kidogo, unaondoka, na mimi nakula chakula changu. Nina mwenzangu wa chumba yuleyule tangu mwaka wa kwanza wa chuo, jambo ambalo kwa mtoto wa kambi ni rekodi. Baba alipohamishwa tena mwaka jana nilikwenda kusaidia kupakia, nikawaaga, nikarudi Kampala kufanya mtihani wangu kesho yake. Mama alinipigia simu usiku kuhakikisha kama ni mzima, maana hakuzoea.

Ambacho sikupata ni ushauri. Niliachana na mvulana mmoja, nikabadili kozi, nikagombana na baba kwa ajili ya kozi hiyo, na katika yote hayo Madam hakuniambia hata mara moja fanya hivi au acha vile. Kwa wengine hiyo itakuwa sababu ya kuacha, na sitawalaumu.

Sasa tunamaliza. Hata kumaliza kwenyewe kunachukua miezi, tarehe ya mwisho ilishawekwa na kila wiki tunairudia, na nimeshafanya vituko vya kupakia mapema, safari hii tunacheka wote. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ananitania kwamba nalipa mtu anitazame, aliniomba namba mwezi uliopita. Madam hapokei ndugu wawili wa nyumba moja, kwa hiyo amempa majina ya wenzake wawili. Mmoja yuko Bukoto na anajua Kiswahili.