TAHADHARI: "Seti kamili ya studio" inayouzwa kwa simu, Kampala

Ndugu zangu wenye studio na vibanda vya picha za pasipoti, kuna muuzaji anayezungusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: printa ya picha ya rangi sita "mpya kabisa", karatasi za picha za gramu 260 kwa mita ya mraba na "kifaa cha kupima rangi ya printa", vyote kwa bei moja. Anataka pesa itumwe kwanza, kisha mzigo upakiwe kwenye basi. Wateja wa miji ya mbali kama Arua, Gulu na Mbarara ndio wanaoumia zaidi, kwani hawapati nafasi ya kuujaribu. Msitume chochote.

Tuanze na printa. Ni Epson L805 au L1800 zilizokwisha kutumika. Mashine zenyewe ni nzuri, tatizo ni kazi zilizofanya: nyingi zilibadilishwa kuchapa vikombe na fulana, kwa wino wa sablimesheni (unaohamishwa kwa joto kutoka kwenye karatasi) au wino mweupe wa DTF (unaochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwenye nguo). Wino mweupe una chembe nzito zinazotuama. Printa ikikaa siku kadhaa bila kazi, chembe huganda ndani ya kichwa cha kuchapia, na kichwa kilichoziba hivyo ni nadra kupona. Iwashe, kichwa kikishatoka upande wa kulia chomoa waya wa umeme, kisogeze kushoto taratibu, umulike kile kisahani cha mpira ambapo kichwa hupumzika. Ukiona utando mweupe kwenye kingo zake, achana nayo. Sablimesheni hujulikana kwa picha yenyewe: kwenye karatasi ya picha inatoka imefifia kama iliyoanikwa juani, maana wino huo hukolea ukipata joto la presi.

Atakwambia, "Nimekujazia wino usihangaike." Hapo ndipo pa kushtuka. L805 mpya hutoka kiwandani tangi zikiwa tupu, chupa za wino zikiwa na lakiri zake, na kujaza mara ya kwanza huchukua kama dakika 20. Mirija ikiwa imejaa rangi tayari, printa imekwisha kufanya kazi.

Ujanja mwingine ni wa wino taka. Kila unaposafisha kichwa, wino humwagwa kwenye sponji zilizo chini ya printa, na kaunta inahesabu. Ikijaa, printa inagoma. Huyu bwana anairudisha kaunta kwenye sifuri kwa programu ya mafundi bila kubadilisha sponji, kwa hiyo baada ya muda wino unavuja mezani. Dai sponji zionyeshwe.

Usikubali karatasi ya ukaguzi wa nozeli (vitundu vya kichwa vinavyotoa wino) aliyoichapa kabla hujafika. Chapa mwenyewe, kisha chapa kurasa mbili za A4 zilizojaa rangi tupu, halafu rudia ukaguzi. Ukaguzi mmoja hutumia wino kidogo mno, hauwezi kufichua hewa iliyo kwenye mirija. Ikiwa mistari iliyokuwa mizima sasa imekatika, wino haufiki vizuri kichwani. Pengo likibaki palepale baada ya kusafisha mara tatu, tundu limeziba au limekufa.

Karatasi zake zimeandikwa RC gramu 260, lakini si RC. RC ya kweli ina utando wa plastiki pande zote mbili. Dondosha tone la maji mgongoni mwa karatasi: kwenye RC litasimama, ulipanguse, kwenye hizi linanyonywa na karatasi inavimba. Uzito nao ni rahisi kuupima, na hesabu hii inafaa kwa karatasi yoyote: A4 16 ni sawa na mita moja ya mraba. Weka 16 kwenye mizani ndogo ya jikoni, na gramu utakazosoma ndizo gramu za karatasi. Zikija 180, umeuziwa 180 kwa bei ya 260.

Kile kifaa cha rangi ni cha kupimia skrini tu. Kinasoma mwanga unaotoka kwenye kioo. Hakina taa ya kumulika karatasi, kwa hiyo hakiwezi kutengeneza profaili ya printa, yaani faili la kusahihisha rangi zake. Kazi hiyo inataka spektrofotometa, kifaa kinachomulika karatasi na kupima rangi yake, kama i1Pro au ColorMunki Photo. Spyder za zamani, ambazo ni vifaa vya aina hiyo vya kupimia skrini, nazo zinahitaji namba ya usajili (serial) ili programu yake ifunguke, na hiyo namba haipo kwenye mzigo wake. Faili la ICC, yaani profaili iliyo tayari, analotoa kama zawadi halina maana, kwani profaili hufaa kwa printa, wino na karatasi ileile iliyopimwa. Nyuso zikitoka nyekundu atalaumu skrini yako.

Kwa aliyekwisha kulipa: hifadhi ujumbe wa muamala, tangazo na mazungumzo yote, na piga picha mzigo kabla ya kuugusa wino. Ipigie kampuni ya mtandao wa simu siku hiyohiyo, kisha nenda polisi. Sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa, na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani. Ndiyo maana risiti iandikwe "mpya" au "iliyotumika", namba ya printa, na gramu za karatasi. Muuzaji akikataa kuandika hayo, ondoka na pesa yako.